Vidonda vya mgandamizo kwa wagonjwa wa ICU, wazee kwa vijana: maswali tunayoulizwa Kigoma

Mimi ni muuguzi. Maswali yaliyo hapa yanatoka kwa ndugu wa wagonjwa: wanaosubiri kwenye benchi nje ya ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) na hotipoti zao, wanaopiga simu kutoka Kasulu, Kibondo au Buhigwe, na wale waliogundua kidonda wakiwa wameshamfikisha mgonjwa nyumbani. Nimeyaacha katika mpangilio wake wa ovyo ovyo, jinsi yanavyokuja. Majibu yangu hayachukui nafasi ya daktari anayemwona mgonjwa wako kwa macho.

Vidonda hivi ni nini hasa?

Ni sehemu ya ngozi na nyama iliyokufa kwa kukosa damu, baada ya kubanwa muda mrefu kati ya mfupa na kitu kingine: godoro, machela, kiti, hata mpira wa oksijeni. Wengi wanaviita vidonda vya kulala. Ukikanyaga mpira wa kumwagilia bustani, maji hayafiki kwenye mchicha. Ukiinua mguu mapema, yanarudi. Nyama ya mwili haina uvumilivu wa mchicha. Kwa mgonjwa mahututi ambaye presha yake iko chini, saa moja au mbili za kubanwa sehemu moja zinaweza kutosha kuanzisha madhara.

Misuli hufa kabla ya ngozi. Kwa hiyo uharibifu mara nyingi huanzia ndani, karibu na mfupa, ukapanda juu. Ndiyo sababu kidonda chenye mdomo mdogo kinaweza kuwa na shimo kubwa chini yake, na ndugu wakashtuka siku daktari anapokisafisha: wanadhani amekipanua yeye.

Si ugonjwa wa wazee huu? Kwa nini kijana wetu wa miaka ishirini na kitu ameupata?

Hili ndilo swali ninalolipokea zaidi ya mengine yote. Wazo kwamba ni ugonjwa wa wazee lina madhara: kwa bibi wa miaka 80 kila mtu anakuwa macho, na kwa kijana mwenye misuli yake hakuna anayemfunua mgongo kuangalia.

Uzee kweli unaongeza hatari. Ngozi ya mzee ni nyembamba, tabaka lake la juu halikushikana vizuri na la chini, na shuka likimburuta kidogo linachubuka. Mafuta ya chini ya ngozi, yanayokinga mfupa, yamepungua. Mishipa ya damu ya miguu inaweza kuwa imeziba nusu, hasa kama ana kisukari au amevuta tumbaku miaka mingi. Wengine wanafika hospitali tayari wamekonda, mkojo unawatoka bila wao kujua, na wameshalala nyumbani wiki nzima kwa sababu nyonga imevunjika au kiharusi kimempooza upande mmoja. Mzee wa namna hiyo anaweza kuingia ICU na kidonda alichotoka nacho kwao.

Kijana anafika kwa njia nyingine. Ameanguka na bodaboda, kichwa kimeumia, amepewa dawa za usingizi ili mashine ya kupumulia imsaidie. Mimi na wewe tukilala tunajigeuza usiku kucha bila kujua, kwa sababu mwili unahisi maumivu ya kubanwa. Yeye hahisi kitu. Akiwa na jeraha la uti wa mgongo ndiyo zaidi, kwa kuwa hisia chini ya jeraha zimekatika hata akiwa macho na anaongea. Presha ikishuka anawekewa dawa ya kuipandisha; dawa hiyo inabana mishipa ya ngozi ili damu iende kwenye moyo na ubongo. Inaokoa maisha, na ngozi ndiyo inayolipa. Uzito wa mwili wake nao unakandamiza misuli ileile inayokufa mapema.

Kuna kundi la tatu ambalo halisemwi sana: akina mama vijana. Mjamzito aliyepata kifafa cha mimba analetwa mwili umevimba, amelazwa kwa dawa. Aliyefanyiwa upasuaji kwa sindano ya ganzi ya mgongoni hana hisia miguuni kwa saa kadhaa, visigino vimetulia palepale kwenye godoro. Nikimpokea mzazi wa namna hiyo, visigino ndivyo ninavyotaka kuviona mapema.

Kwa ufupi wa kikazi, huwa siulizi kwanza mgonjwa ana miaka mingapi. Nauliza: anaweza kujigeuza? Anahisi maumivu? Damu inafika kwenye ngozi? Anakula? Amelowa? Umri unaingia ndani ya majibu hayo.

Vinatokea sehemu gani za mwili?

Penye mfupa karibu na ngozi. Akilala chali: mgongo wa chini juu kidogo ya makalio (hapa ndipo panapoongoza), visigino, viwiko, mabega, kisogo. Akilala ubavu: nyonga, vifundo vya miguu, magoti yanapogusana, sikio. Akikaa: mifupa miwili ya makalio.

Kisha kuna sehemu ambazo ndugu hawazitazami kabisa, nazo ni pale vifaa vinapokaa. Mpira wa kupumulia ulioingizwa mdomoni unabana kona ya mdomo. Mpira wa kulishia unabana tundu la pua. Kamba ya oksijeni inakata nyuma ya sikio, barakoa ya oksijeni inakaa juu ya mfupa wa pua, kola ya shingo inabana kidevu. Mpira wa mkojo ukipita chini ya paja, paja linaulalia siku nzima. Wagonjwa wa rika zote hupata vidonda vya vifaa, na dawa yake ni kuviondoa vifaa kidogo au kuvisogeza kila zamu na kutazama chini yake.

Wanasema ngozi inaanza kuwa nyekundu. Ngozi yetu ni nyeusi, nitaonaje?

Swali zuri, na vitabu vingi vya uuguzi vilichelewa kulijibu. Kwa mtu mweupe daraja la kwanza ni wekundu usiopotea ukiubonyeza kwa kidole. Kwa ngozi yetu wekundu huo unaweza usionekane kabisa, na kidonda kikagunduliwa kikiwa tayari kimepasuka.

Tumia mwanga wa kutosha, ikiwezekana wa dirishani, na linganisha upande wa kushoto na wa kulia. Tafuta sehemu iliyokoza kuliko jirani yake, yenye rangi ya zambarau au samawati, au inayong'aa kwa kuvimba. Halafu weka mkono, maana hapa mkono unaona kile jicho lisichokiona: sehemu ina joto kuliko pembeni, au ina ubaridi? Ni ngumu, au inabonyea kama haina kitu ndani? Mgonjwa akiwa macho muulize kama inauma au inawasha. Jibu la ndiyo kwenye lolote kati ya haya linatosha kumwondoa mgonjwa kwenye upande huo na kumwita muuguzi.

Daktari ameandika daraja la tatu. Maana yake nini?

Daraja la kwanza ngozi bado nzima ila imebadilika. La pili tabaka la juu limechubuka au lina lengelenge. La tatu kidonda kimepita ngozi yote, mafuta yanaonekana. La nne kimefika kwenye msuli, kano au mfupa. Vipo pia ambavyo havijulikani kina chake kwa sababu vimefunikwa na gamba jeusi au nyama iliyokufa, na vile vya ndani ambavyo juu vinaonekana kama doa la zambarau tu. Hayo mawili yasikudanganye kwa utulivu wake.

Jana hapakuwa na kitu, leo kuna doa jeusi kubwa. Usiku huu wamemfanya nini?

Inawezekana kabisa kwamba usiku huo hakuna kilichotokea. Doa la jeraha la ndani huchukua kama saa 48 hadi 72 tangu nyama ilipobanwa mpaka rangi ijitokeze juu. Hesabu kurudi nyuma: siku mbili tatu zilizopita mgonjwa alikuwa wapi? Kwa waliopata ajali, jibu mara nyingi ni pembeni ya barabara, kisha juu ya ubao au machela, kisha saa nyingi za gari kutoka Kakonko au Kibondo, kisha meza ya upasuaji. Vitu hivyo vyote ni vigumu, na katikati yake hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumgeuza.

Ndiyo sababu ngozi inapaswa kukaguliwa mgonjwa anapofika, na kilichoonekana kuandikwa kwenye faili. Hilo linamsaidia mgonjwa, na linawapunguzia watu ugomvi.

Kwa hiyo si uzembe wa wauguzi?

Wakati mwingine ni uzembe. Mgonjwa aliyeachwa chali kutwa, shuka limelowa, hajafunuliwa na mtu, akipata kidonda hakuna haja ya kutafuta maneno laini. Vidonda vingi vinazuilika. Lakini si vyote: mgonjwa ambaye figo, mapafu na moyo vimelegea kwa pamoja, ngozi yake nayo ni kiungo, nayo inalegea. Wapo wanaoshuka presha kila wakiguswa, na daktari akaamua wasigeuzwe kwa muda.

Na tusisahau hesabu ya kawaida. Kumgeuza mtu mzima aliyelala kwenye mashine kunataka watu wawili, mara nyingi watatu, mmoja akishika kichwa na mipira. Muuguzi akiwa peke yake na wagonjwa kadhaa, ratiba ya ukutani inakuwa mapambo.

Ukitaka kujua hali ilivyo, uliza kwa adabu na kwa uhakika. "Samahani sista, mzee wetu aligeuzwa saa ngapi?" Jibu zuri linafanana na hili: "Saa nane, mama. Saa kumi tunamlaza kushoto, na mgongo tumeuangalia." Jibu la "tunawageuza tu" halitoshi, omba kwa upole kuonyeshwa karatasi ya kugeuza.

Ni saa mbili mbili kweli?

Saa mbili ndiyo kipimo kilichozoeleka, na kwa mgonjwa aliyeko kwenye godoro la kawaida la sponji ni kipimo kizuri cha kuanzia: saa 12 chali, saa 2 kulia, saa 4 kushoto, na kuendelea, usiku pia. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 haukuifanya saa mbili kuwa amri ya wote. Unasema ratiba ifuate hali ya mgonjwa, godoro alilo nalo na ngozi inavyoonekana. Ukimgeuza ukakuta sehemu aliyolalia imebadilika na haijarudi, muda ulikuwa mrefu mno kwake, hata kama saa inasema bado.

Jinsi ya kumlaza ina uzito sawa na muda. Ukimlaza ubavu moja kwa moja, nyonga inabeba mwili wote. Mlaze mshazari, kama nyuzi 30, mto umesukumwa nyuma ya mgongo na mwingine kati ya magoti. Visigino vielee hewani: weka mto chini ya shavu la mguu kwa urefu, goti likikunjwa kidogo, kisigino kisiguse kitu. Na msimburute. Shikeni shuka lililo chini yake pande zote mbili, hesabuni, mnyanyue. Ukimvuta, ngozi inabaki imeshikana na shuka huku mfupa unasogea, na mishipa ya katikati inakatika.

Mwenye jeraha la uti wa mgongo au shingo, ndugu asimguse peke yake. Anageuzwa kama gogo, kichwa na mwili kwa pamoja, kwa amri ya mtu mmoja.

Kwa yule asiyevumilia kugeuzwa, vitu vidogo vinasaidia: kusogeza kichwa, kuinua mkono, kubadilisha mahali pa mto, kumweka mshazari kidogo sana na kungoja presha itulie.

Mbona wamemwinua kichwa cha kitanda wakati mwili unateleza kwenda chini?

Hapa mambo mawili yanagombana. Mgonjwa wa mashine ya kupumulia huinuliwa kichwa nyuzi 30 hadi 45 ili yaliyo tumboni yasipande yakaingia mapafuni na kuleta nimonia. Kwa ajili ya ngozi, kitanda kingekuwa nyuzi 30 au chini yake. Mapafu yanapewa kipaumbele. Tunachofanya ni kukunja kitanda kidogo magotini kwanza, ndipo kuinua kichwa, ili asiteleze. Ukimkuta ameshateleza mpaka miguu inagusa chuma, mwite muuguzi, usimvute kwapani.

Tumeambiwa ana alama 11 za Braden. Ni nzuri au mbaya?

Ni mbaya. Kipimo cha Braden kilitengenezwa na wauguzi wawili wa Marekani, Barbara Braden na Nancy Bergstrom, kikachapishwa mwaka 1987. Kinaangalia vitu sita: hisia, unyevu, shughuli, uwezo wa kujisogeza, lishe, na msuguano. Alama ni kuanzia 6 hadi 23, na kadiri zinavyopungua ndivyo hatari inavyoongezeka. Kwa kawaida 18 kushuka chini mgonjwa anahesabiwa yuko hatarini. Watoto wana toleo lao.

Tatizo lake katika ICU ni kwamba karibu wote wanapata alama za chini, kwa hiyo hakikusaidii sana kujua nani aanze. Angalia ni kipengele gani kimemshusha mgonjwa wako. Kama ni unyevu, shughulikia unyevu.

Ni tatizo la kwetu tu?

Hapana. Mwaka 2018 ulifanyika uchunguzi wa siku moja katika ICU 1,117 za nchi 90, ukahusisha wagonjwa 13,254. Asilimia 26.6 walikuwa na kidonda angalau kimoja, na asilimia 16.2 walikipata ndani ya ICU yenyewe. Umri mkubwa ulihusiana na vidonda, lakini pia wembamba wa mwili, upasuaji wa dharura, kukaa ICU zaidi ya siku tatu, mashine ya kupumulia, na kulazwa katika nchi yenye kipato cha chini au cha kati ngazi ya chini. Tanzania tumo katika hilo la mwisho, na lina maana ya magodoro na idadi ya wauguzi kuliko jambo lolote la damu au ukoo.

Tununue godoro la hewa? Au tyubu ya baiskeli inatosha?

Tyubu, hapana. Pete ya aina yoyote, iwe tyubu au kitambaa kilichosokotwa, inabana ngozi inayozunguka shimo na kuzuia damu isifike katikati, mahali hasa ulipotaka kupasaidia. Glavu zilizojazwa maji chini ya visigino nazo ziache, ingawa utaziona sehemu nyingi. Kisigino kinabaki juu ya kitu.

Godoro la hewa linalojaa na kupungua kwa zamu linasaidia, kama umeme upo na kuna mtu anayejua kulitengeneza likitoboka. Halifuti kugeuza. Kama fedha ni ya kuchagua, godoro zito la sponji lisilobonyea hadi chini lina faida zaidi ya la hewa lililoharibika. Lijaribu hivi: mgonjwa akiwa amelala, pitisha kiganja chini ya godoro usawa wa makalio. Ukiuhisi mfupa wake karibu kabisa na mkono wako, godoro hilo limekwisha.

Jambo moja linaloharibu hata godoro zuri: kurundika shuka, khanga mbili, nailoni na blanketi chini ya mgonjwa. Nailoni inatoa jasho, na kwa joto la hapa ziwani jasho halikosi. Mikunjo ya khanga inaacha alama mgongoni ambazo siku ya pili si alama tena. Shuka moja lililonyooka linatosha.

Bibi anasema akandwe mgongo kwa spiriti, au mawese.

Asikandwe. Zamani wauguzi tulifundishwa kusugua mgongo kwa spiriti na kumalizia na pauda, na bibi yako huenda alijifunza kwetu. Spiriti inakausha ngozi hadi inapasuka. Kusugua juu ya mfupa uliokwisha kubanwa kunachana mishipa iliyobaki.

Kupaka mafuta taratibu kwenye ngozi kavu iliyo nzima hakuna ubaya. Mafuta ya mgando yanafaa, na kwa anayetokwa na mkojo au kinyesi yanakinga ngozi. Mawese nayapenda kwenye maharage. Mgongoni yanaacha rangi, na rangi hiyo inaficha mabadiliko niliyokueleza uyatafute. Kwenye kidonda kilicho wazi yasifike kabisa.

Na asali? Ya Tabora ni safi, haijachanganywa.

Asali imefanyiwa utafiti kwenye vidonda na ina uwezo wa kuzuia vijidudu. Zipo asali za hospitali zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Ila zile zimesafishwa kwa mionzi. Ya kwenye chupa, hata kama imetoka mzingani leo na ni tamu vipi, inaweza kubeba mbegu za vijidudu ambazo tumboni mwa mtu mzima hazina shida, ndani ya shimo la kidonda ni habari nyingine. Kwa kidonda cha ICU usipake chochote kilichotoka nyumbani bila kumwambia daktari. Na kama mmeshapaka, semeni. Hakuna wa kuwagombeza, tunataka tu kujua.

Tumletee chakula gani?

Kidonda hakijijengi bila protini. Mwongozo ule wa 2019 unaelekeza gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na nguvu ya kutosha, kalori 30 hadi 35 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90 za protini. Yai moja lina kama gramu 6. Fanya hesabu, utaona kwamba mayai mawili na chai hayafiki popote.

Hapa Kigoma tuna bahati na tuna mtego. Bahati ni dagaa: waliokaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Kuna migebuka, kuna maharage ya Kasulu, kuna karanga. Mtego ni ugali wa muhogo, unaoshibisha vizuri sana na protini yake ni ndogo mno. Mgonjwa anayepelekewa ugali wa muhogo mwingi na mchuzi mwepesi anashiba huku anakonda.

Anayelishwa kwa mpira, usimimine kitu mwenyewe. Unga wa dagaa uliosagwa laini unaweza kuingia kwenye uji wake, lakini muulize muuguzi kwanza; uji mzito unaziba mpira, na kuuingiza upya si jambo la kufurahisha. Mwenye ugonjwa wa figo hesabu yake ya protini ni tofauti, iachieni timu ya matibabu.

Kwa wazee, angalieni meno. Nyama choma nzuri aliyoletewa babu asiye na meno inaliwa na mjukuu.

Mtoto wetu ana malaria kali, hajazinduka. Naye anaweza kupata?

Anaweza. Mkoa wetu ni miongoni mwa yenye malaria nyingi, kwa hiyo watoto wasiojitambua tunawaona. Kwa mtoto mdogo kichwa ni kizito kikilinganishwa na mwili, na sehemu ya kwanza kuumia mara nyingi ni kisogo. Nywele zinaficha. Mama aliyemsuka mtoto amwombe muuguzi ruhusa ya kufumua, kisha wapapase pamoja. Kipimo cha oksijeni kinachobana kidole nacho kihamishwe kidole kingine mara kwa mara. Vidole vya mtoto ni vidogo.

Kidonda kinanuka. Kimeoza?

Nyama iliyokufa hunuka, na haimaanishi siku zote kwamba vijidudu vimeshaingia mwilini. Cha kukukimbiza ni homa, usaha unaoongezeka, joto na uvimbe unaosambaa kwenye ngozi ya pembeni, mfupa unaoonekana, au mgonjwa aliyeanza kuchanganyikiwa, hasa mzee, ambaye anaweza asipate homa kabisa. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo, usiku uwe usiku.

Kusafisha ni kwa maji chumvi ya hospitali, taratibu, na bandeji inayoacha kidonda na unyevu kiasi. Kukianika kikauke si tiba. Nyama iliyokufa huondolewa na mtaalamu; isipokuwa gamba jeusi, kavu, lililoshika imara kwenye kisigino, lisilo na usaha wala uvimbe. Hilo huachwa, hufunikwa, hutazamwa. Usilibandue.

Kinaambukiza?

Hapana. Nawa mikono kabla na baada, basi.

Kitapona lini?

Daraja la kwanza, siku chache kama mgandamizo umeondolewa. La pili, wiki kadhaa. La tatu na la nne, miezi, na vingine vinahitaji upasuaji wa kuziba. Kijana kwa kawaida anapona haraka kuliko mzee, ila kijana aliyepooza miguu anabaki hatarini maisha yake yote, kwa sababu ataanza kukaa kwenye kiti cha magurudumu kutwa. Akikaa, ajiinue kwa mikono au aegemee upande kila baada ya dakika 15 hadi 30. Wanachoka kukumbushwa. Wakumbusheni.

Ameruhusiwa. Kwetu ni mbali, tunasafiri naye vipi?

Kabla hamjatoka wodini, omba muuguzi amfunue mgonjwa mbele yako, uone kila kidonda kilipo na ukubwa wake, na hayo yaandikwe kwenye karatasi ya ruhusa. Jifunze kubadilisha bandeji palepale, kwa mikono yako, yeye akitazama.

Kwenye gari alale kwenye godoro, asikae kwenye kiti cha basi kama kidonda kiko makalioni. Simameni njiani mgeuze. Dereva ataguna, mwache agune. Wanaokwenda vijiji vya pwani ya ziwa kwa boti wakumbuke kwamba mbao za boti hazina huruma na maji yanaruka: godoro, nailoni juu yake wakati wa safari tu, na nguo kavu za kumbadilisha mkifika. Siku inayofuata peleka ile karatasi zahanati ya kijiji, hata kama mgonjwa haendi, ili mhudumu ajue nyumba yenu ina mtu wa kutembelewa. Muulize pia kama ana bandeji na maji chumvi. Kama hana, ni afadhali kujua siku hiyo kuliko siku bandeji mlizonazo zitakapoisha.